Kura Saba za Jikoni

Siku ya uchaguzi, kina mama wa parokia ya Saint-Ludger hupika. Ndivyo ilivyo tangu ukumbi wa mji ujengwe. Juu watu wanapiga kura, chini ya sakafu jiko linawaka, na anayeshuka ngazi baada ya kupiga kura yake hukuta sahani inamngoja. Mtu wa chama hiki huketi na mtu wa chama kile, wote wakila mchuzi wa kuku wenye matonge ya unga, wakichovya kwa ploye, zile chapati nyembamba za ngano nyeusi zinazoiva upande mmoja tu. Kwa miaka mingi mkuu wa jiko hilo alikuwa Laurette Morneault. Na mwaka ule alikuwa na sababu ya kupika zaidi kuliko miaka yote, maana kaka yake, Rosaire Dufour, alikuwa anagombea kiti katika Bunge la Jimbo.

Rosaire hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mkulima wa viazi, mjane, mzito wa maneno, aliyeingia kwenye kinyang'anyiro kwa sababu barabara ya hospitali ilikuwa imekwisha kabisa na huko bungeni hakuna aliyeitaja. Mpinzani wake, Lagasse, aliuza matrekta katika mji wa jirani na aliweza kumsifu mtu mpaka mtu mwenyewe akaona haya. Rosaire hakuwa na kipaji hicho. Viazi vilipokwisha kuingia ghalani, alianza kwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu, akivua kofia mlangoni na kusema, "Mimi ni Rosaire. Mnanijua. Naomba kura." Kisha akanyamaza. Laurette alimwombea kila usiku, rozari nzima, akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya baridi ili sala iwe na uzito.

Lakini moyo wa binadamu una vyumba vingi, na katika chumba kimoja cha moyo wa Laurette kulikuwa na jambo lingine. Kule mji wa Lagasse kina mama nao walikuwa wanapika siku hiyohiyo, na neno lilikuwa limevuka mto kwamba mwaka huu chakula chao kingewafunika wa Saint-Ludger. Neno hilo lilimkaa Laurette kama mwiba wa samaki kooni. Akaongeza kuku. Akaongeza pai. Akawaambia wenzake sita wafike kabla ya mapambazuko.

Walifika. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka, wakaikung'uta viatuni na kuvaa aproni. Asubuhi Odile, jirani yake Laurette na mtu wa mzaha, alipanda juu kuwapelekea kahawa wasimamizi wa kituo, akarudi na utepe wa vile vibandiko wanavyopewa waliokwisha kupiga kura.

"Tazameni nilichowaletea! Mama mmoja, kibandiko kimoja, msigombane."

"Odile, we! Hatujapiga kura bado."

"Tutapiga. Kwani sanduku linakimbia? Liko juu ya vichwa vyetu."

Wakabandika kwenye aproni, wakacheka. Laurette naye alibandika cha kwake, upande wa moyo.

Adhuhuri Rosaire alishuka kula. Alisimama mlangoni mwa jiko, mtu mrefu, kofia mkononi, akaviona vile vibandiko kimoja baada ya kingine, na uso wake uliokuwa umekunjamana kwa wasiwasi tangu juma lililopita ukafunguka.

"Ala! Kumbe jiko lote limekwisha kunichagua."

Kina mama wakacheka. Odile akasema, "Ungetaka tumchague nani, muuza matrekta?" Laurette akamjazia kaka yake bakuli. "Kula, kaka, unyamaze. Umekonda kama ufito." Hakuna aliyemsahihisha. Nani angemsahihisha mtu anayefurahi, kwa jambo ambalo lingekuwa kweli kabla ya jioni?

Jioni watu walishuka kama mafuriko. Foleni ilifika ngazini. Laurette alisimama mbele ya sufuria kubwa, upawa mkononi, mvuke usoni, na kila aliyerudi kuongeza alimwonjesha ladha ya ushindi. Mtu mmoja kutoka mji wa Lagasse, aliyekuwa amekuja kwa shemeji zake, alisema kwa sauti kwamba kule kwao kuku mwaka huu ni mkavu kama kuni. Laurette alimwongezea paja.

Odile alimjia akifuta mikono. "Laurette, twende wawili wawili. Mimi na Jeanne tutangulie, tukirudi mwende ninyi."

"Na ploye atageuza nani?"

"Ploye haigeuzwi, dada."

"Unajua ninachosema! Angalia foleni hiyo. Kura haipoi, Odile. Mchuzi unapoa."

Odile alicheka, akarudi kwenye jiko lake.

Baadaye kidogo Philomène Gendreau, karani wa mji, alishuka ngazi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alikuwa amefanya kazi ile kwa muda mrefu hata watu wakasahau kwamba mtu mwingine angeweza kuifanya. Hakuchukua sahani.

"Kina mama, imebaki nusu saa. Sijamwona hata mmoja wenu juu."

"Tunakuja, Bi Karani," Laurette akasema bila kuinua macho. "Kaa ule kwanza."

"Sikuja kula. Nimekuja kusema tu."

"Na mimi nimesikia tu."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Philomène akapanda tena. Wakati huohuo wakata magogo waliingia kutoka msituni, wote na njaa yao, na Laurette akasema hawa wa mwisho, tukiwalisha hawa tunakwenda. Aliwalisha. Kisha sufuria zilikuwa zinaanza kukauka, na sufuria iliyokauka ni kazi ya siku mbili, basi akasema tuziloweke kwanza. Mikono yao ilikuwa ndani ya povu waliposikia, kupitia mbao za dari, sauti ya msimamizi ikitangaza kama sheria inavyotaka: "Kituo kimefungwa!"

Maji yaliendelea kutiririka bombani mpaka Jeanne akayafunga.

"Mungu wangu," Odile akasema. Akashika kibandiko kwenye aproni yake, akakibandua polepole.

"Ni kura saba tu," mmoja akanong'ona. "Rosaire atashinda kwa mamia."

Wote wakamtazama Laurette, kwa kuwa siku nzima walikuwa wamemtazama yeye. Akakausha mikono. "Kura ni siri," akasema. "Hakuna anayeulizwa kura yake." Nao wakaitikia kwa vichwa. Hawakuapishana, hawakukubaliana jambo lolote. Walirudi tu kusugua sufuria, na kimya chao kikawa agano.

Asubuhi redio ilitoa matokeo ya jimbo zima la uchaguzi. Lagasse alikuwa amempita Rosaire Dufour kwa kura tano.

Laurette aliketi kitini na kitambaa cha vyombo begani. Saba toa tano. Hesabu ile hata mtoto angeifanya, lakini aliirudia na kuirudia kana kwamba mara nyingine ingekuja tofauti. Angeweza kuvaa koti wakati ule na kwenda kwa kaka yake. Alilitazama koti likiwa limetundikwa. Kisha mlango ukabishwa, akaingia Rosaire mwenyewe.

Hakuvua viatu. Aliketi, akakataa kahawa.

"Kura tano, dada."

"Nimesikia. Pole, kaka. Mungu ndiye ajuaye."

"Kushindwa nakujua. Nimelima viazi maisha yangu yote." Alikuwa anazungusha kofia vidoleni. "Lakini nimefanya hesabu usiku. Hapa mjini nilipita kila mlango. Walioniambia ndiyo nawajua kwa majina. Waongo nimewaondoa, nawajua pia. Bado kura za hapa mjini zilizotangazwa ukumbini ni pungufu. Labda watu wengine walinidanganya, sawa. Lakini jiko lako? Wewe na Odile na Jeanne na wengine? Saba hao niliwaona kwa macho yangu na vibandiko vyao. Hao hawawezi kunidanganya."

Laurette alifungua kinywa. Tunasema kweli ni chungu, lakini si uchungu alioonja wakati ule. Ilikuwa aibu, na aibu ina ladha ya shaba. Akasema, "Kunywa kahawa, kaka. Inapoa." Alipojisikia akisema hivyo alitaka kuingia ardhini.

"Mpwa wa Philomène ameoa kwa akina Lagasse," Rosaire akasema. "Sisemi kitu. Nasema tu ameoa kule."

Alisema hivyo dukani pia, na kwenye ghala la viazi, na nje ya benki, kila mara akiongeza kwamba hasemi kitu. Katika mji mdogo maneno ya namna hiyo hayahitaji miguu. Kabla ya juma kwisha watu walikuwa wanamaliza mazungumzo haraka Philomène alipoingia mahali. Mtu aliandika neno baya kwa kidole kwenye gari lake, juu ya vumbi la chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Jumapili kanisani, wakati wa kupeana amani, mwanamume aliyekuwa mbele yake alipeana mkono na wote waliomzunguka kisha akageuka mbele. Philomène alibaki na mkono umenyooshwa hewani, akaurudisha polepole na kurekebisha miwani, kana kwamba ndiyo kazi aliyounyooshea tangu mwanzo. Laurette aliona yote kutoka benchi la nyuma yake. Hakunyoosha mkono wake.

Usiku alipiga magoti kama kawaida. Alipofika mahali pa kuomba asamehewe, ulimi uligoma. Akaanza tena tangu mwanzo, ukagoma palepale. Akaacha, akalala bila sala, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku mume wake alipozikwa.

Alikwenda kuungama. Padri Nadeau alikuwa kijana kuliko wanawe Laurette, lakini alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza.

"Na kaka yako umemwambia?"

"Bado, Padri."

"Na Philomène?"

"Nimekuambia wewe, Padri. Nimemwambia Mungu."

"Mungu alikuwa anajua, mama," akasema taratibu. "Alikuwepo jikoni. Sasa mimi nikupe malipizi gani? Sala umezisali maisha yako yote, hazikushindi. Nenda kwa yule unayemwogopa."

Akatoka akiwa na hasira naye. Akampigia simu Odile.

"Tuseme wote pamoja," akamwambia.

"Tuseme nini, mpenzi? Kwamba tulikuwa tunaosha sufuria?" Odile hakuwa na mzaha tena sautini. "Mume wangu amemlaani Philomène mezani mbele ya watoto. Nami nilikuwa nakata mkate. Nitamwambia nini sasa?"

"Odile, ile jioni ulitaka kwenda. Nilikuzuia mimi."

"Nina miguu yangu, Laurette," Odile akasema, akakata simu.

Baraza la mji lilikutana siku mbili baadaye, katika ukumbi uleule. Rosaire alikuwa amepeleka malalamiko rasmi kwamba kuna kura za Saint-Ludger zilizopotea kabla ya kuhesabiwa. Ukumbi ulijaa. Mbele, kando ya meza ya wajumbe, Philomène aliketi peke yake, na juu ya mapaja yake kulikuwa na shada la funguo za ofisi. Kila mtu aliziona, na kila mtu alijua amekuja kuzikabidhi na kuacha kazi.

Adrien Bouchard, mwenyekiti, alimpa Rosaire nafasi. Rosaire alisimama na kofia yake. Hakupaza sauti. Alisema yeye si mtu wa fujo, ila anajua anachojua. Kisha Adrien akamgeukia karani.

"Bi Philomène, una la kusema?"

"Kura zilizoingia sandukuni ndizo zilizotoka," akasema. "Waliofika niliwatia alama mwenyewe, jina kwa jina. Majina yapo. Mkiniamuru kuyasoma nitayasoma. Lakini ningependa msiniamuru."

Minong'ono ikazuka. "Kwa nini asitake?" mtu akauliza nyuma. Mwingine akasema, "Si mnaona?"

Rosaire akageukia ukumbi. "Yasomwe. Aanze na jiko! Aanze na dada yangu hapa, tuone kama alipiga kura au hakupiga."

Watu walicheka kwa uchungu, kwa jinsi swali lenyewe lilivyokuwa la kipuuzi. Na kicheko kile ndicho kilichomwinua Laurette. Alijiona amesimama kabla hajaamua kusimama.

"Asisome," akasema.

"Keti, dada. Hakuna anayekushuku wewe."

"Sikupiga kura, Rosaire."

Vichwa vyote vikageuka.

"Mimi sikupiga, na wenzangu hawakupiga. Jiko zima. Odile alitaka kwenda, nikamwambia mchuzi utapoa." Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. "Philomène alishuka mwenyewe kutuambia imebaki nusu saa. Nilimjibu kwa dharau, watu wakacheka. Baadhi yenu mlicheka, mlikuwa kwenye foleni. Nilitaka watu waseme chakula chetu kimewashinda wale wa ng'ambo ya mto. Basi wamesema. Halafu siku hizi zote nimemwona Philomène akitemewa mate, nikanyamaza."

Mwisho wa ukumbi sauti ya mwanamume ikasema, "Rosaire, ndugu yangu, umeangushwa na kuku!" Na ukumbi mzima ukapasuka. Walicheka kama watu wanavyocheka wakitoka kwenye jambo zito, wakapigana mabega. Rosaire hakucheka. Wekundu ulimpanda kutoka kwenye kola hadi masikioni. Laurette alitamani wangemzomea yeye, lakini kicheko kilimpita kikamwangukia kaka yake.

Katikati ya kelele Odile alisimama. Alisimama tu ili aonekane. Jeanne alitazama sakafu. Wengine wanne walikuwa wameketi mbalimbali na waume zao, na hakuna aliyeinuka.

Adrien aligonga meza. Akauliza kama malalamiko bado yapo. Rosaire akatikisa kichwa, akavaa kofia, akatoka kwa mlango wa kando. Watu walianza kutafuta makoti yao. Wachache walimwendea Philomène, wakasema maneno nusunusu, wakamgusa bega. Alizitia funguo mfukoni bila kumtazama mtu.

Laurette alimsogelea. "Philomène, nisamehe."

Philomène alivua miwani, ikaning'inia kwenye kamba yake. Macho yake bila miwani yalikuwa madogo na yamechoka.

"Nilijua tangu jioni ileile," akasema. "Mlango ulipofungwa, majina yenu yalikuwa hayana alama. Nikasema watakuja wenyewe kusema. Laurette atakuja, ni mtu wa sala." Akavaa miwani tena. "Kila asubuhi nilisema leo atakuja."

"Ungesema tu. Ungejitetea."

"Ningejitetea kwa kuwavua nguo ninyi?" Akaanza kukunja viti na kuviegemeza ukutani. Laurette alishika kiti amsaidie. "Hapana," Philomène akasema bila ukali. "Leo niache."

Laurette akatoka nje. Theluji ilikuwa inaanguka tena, na Rosaire alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake kwa nguvu kuliko barafu ilivyohitaji.

"Kaka."

Akaendelea kukwangua.

"Kaka, niseme nini?"

"Ulipaswa kusema asubuhi ile." Alisimama, akipumua mvuke. "Nilikuja kwako kwanza, Laurette, kabla sijakwenda kwa mtu yeyote. Ungeniambia pale mezani, ningekasirika, ningevunja kikombe, halafu ningekwenda nyumbani nikiwa nimeshindwa tu. Mtu aliyeshindwa anaweza kutembea mjini. Sasa mimi ni nani? Nimemtukana mwanamke asiye na hatia, nikapita mahali kwa mahali kumtukana, kama nilivyopita kuomba kura."

"Kosa ni langu."

"La jiko ni lako. La ulimi wangu ni langu, wala hukunifundisha." Alitupa kikwangulio ndani ya gari. Akasimama akitazama taa za ukumbi, kisha akavuta pumzi na kuanza kurudi kuelekea mlangoni.

Laurette akamfuata. Rosaire akageuka, akanyoosha mkono kumzuia, kama alivyofanya walipokuwa wadogo na barafu juu ya mto ilikuwa haijawa ngumu ya kukanyagika.

"Baki. Nikiingia na wewe utasema wewe, na mimi nitanyamaza. Nakujua."

Akabaki. Kupitia dirishani alimwona kaka yake akisimama katikati ya ukumbi mtupu, kofia mkononi, kama alivyosimama kwenye milango yote ya mji vuli ile. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Ilikwenda kwa muda mrefu, mrefu kuliko Laurette alivyowahi kumwona akisema kitu chochote. Philomène hakuacha kukunja viti. Alikunja kimoja, akakiegemeza, akakunja kingine. Kisha Rosaire alimaliza, akaiweka kofia yake juu ya meza na kuanza kukunja viti vya safu ya pili.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Laurette alisimama kwenye theluji hadi vidole vya miguu vikafa ganzi, akijaribu kusali. Safari hii alifika mahali pale pa kuomba asamehewe, akapita, ingawa kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayepita mbele ya watu waliolala.